Masihi wa Zaburi: nabii, kuhani na mfalme kati ya dhana na ukweli

Mistari ya Zaburi inayohusishwa na Kristo husomwa sana makanisani, lakini mara nyingi husomwa vipandevipande, mstari mmoja ukichomolewa na zaburi yenyewe ikaachwa. Hapo ndipo dhana nyingi zinapozaliwa. Imani ya Kikristo kwamba Yesu ndiye nabii, kuhani na mfalme haihitaji kuchomoa mistari namna hiyo. Husimama imara zaidi msomaji akianza na mfalme halisi wa ukoo wa Daudi, kisha akafuata njia ambayo Agano Jipya lenyewe limeipita.

Dhana: Kila mahali Zaburi inaposema "masihi", inamtaja Yesu moja kwa moja

Masihi ni mtu aliyepakwa mafuta. Kuhani mkuu aliitwa hivyo (Walawi 4:3), Sauli aliitwa hivyo hata alipokuwa akimwinda Daudi (1 Samweli 24:6), na Koreshi mfalme wa Uajemi pia, ingawa hakuwa Mwisraeli (Isaya 45:1). Katika Zaburi neno hili linapatikana mara kumi: 2:2, 18:50, 20:6, 28:8, 84:9, 89:38, 89:51, 105:15, 132:10 na 132:17. Karibu zote zinamzungumzia mfalme aliyeketi Yerusalemu. Zaburi 20 ni dua ya kumwombea kabla hajaenda vitani. Zaburi 89 ni kilio, kwa sababu Mungu anaonekana kumtupa masihi wake baada ya kumwapia Daudi kwamba uzao wake utadumu.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kati ya mistari hiyo kumi, ulionukuliwa waziwazi katika Agano Jipya ni 2:2 pekee (Matendo 4:25-26). Zaburi ambazo mitume walizitegemea zaidi, yaani 110, 22, 16, 118 na 69, hazina neno "masihi" hata mara moja. Kwa hiyo anayetafuta Kristo katika Zaburi kwa kufuata neno hilo katika itifaki ya Biblia (orodha ya maneno na mistari yanamopatikana) atazikosa zaburi zenyewe.

Dhana: "Msiwaguse masihi wangu" ni kinga ya mchungaji asihojiwe

Mstari huu wa Zaburi 105:15 husikika sana katika mahubiri ya Afrika Mashariki, hasa panapozuka maswali ya fedha au mwenendo wa kiongozi. Usome kuanzia mstari wa 8. Zaburi inasimulia agano la Mungu na Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wakati walipokuwa watu wachache wanaotangatanga kutoka taifa hili hadi lile. Mstari wa 14 unasema Mungu hakumwacha mtu awaonee, bali aliwakemea wafalme kwa ajili yao. Ndipo linakuja neno la 15. Masihi hao ni mababu wa Israeli, yaani Ibrahimu, Isaka na Yakobo, na wanaoonywa ni wafalme wageni. Kisa kinachodokezwa kimo katika Mwanzo 20, Abimeleki wa Gerari alipomchukua Sara. Mungu alimwambia katika ndoto amrudishe, "maana yeye ni nabii", akimaanisha Ibrahimu.

Mstari unamlinda mgeni asiye na ulinzi dhidi ya mwenye nguvu. Kuutumia kumlinda mwenye nguvu dhidi ya muumini anayeuliza hesabu ni kuugeuza juu chini, na ni jambo zito, maana limewanyamazisha watu waliokuwa na haki ya kusema. Daudi aliyekataa kumwua Sauli, masihi wa Bwana, alisimama papo hapo akamlaumu kwa sauti mbele ya jeshi lake. Na Daudi mwenyewe, mpakwa mafuta, aliambiwa na Nathani usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Dhana: Mfalme wa Israeli alikuwa kuhani pia, kwa hiyo Zaburi 110 haisemi jipya

Zipo dalili za wafalme kushiriki ibada. Daudi alivaa naivera ya kitani, vazi la kikuhani, na kutoa sadaka sanduku la agano lilipoingia Yerusalemu. Sulemani alitoa sadaka nyingi wakati wa kuliweka wakfu hekalu. Lakini madhabahu ya uvumba ilikuwa ya wana wa Haruni. Mfalme Uzia alipoingia hekaluni kufukiza uvumba, kuhani Azaria na makuhani 80 walimzuia, naye akapigwa ukoma kwenye paji la uso, akaishi katika nyumba ya peke yake mpaka kufa kwake (2 Nyakati 26:16-21).

Ukikumbuka hilo, Zaburi 110 inashtua. Mstari wa 1 unamwambia mfalme, "Uketi mkono wangu wa kuume." Mstari wa 4 unamwapia mtu huyohuyo, "Ndiwe kuhani hata milele, kwa mfano wa Melkizedeki." Melkizedeki ni mfalme wa Salemu aliyekuwa pia kuhani, katika Mwanzo 14. Kiti cha enzi na ukuhani vimewekwa kwa mtu mmoja, tena kwa kiapo.

Agano Jipya linainukuu na kuidokeza zaburi hii kuliko nyingine yoyote, na mistari hiyo miwili inafanya kazi mbili tofauti. Mstari wa 1 ni wa ufalme. Katika Mathayo 22:41-46 Yesu anauliza: ikiwa Masihi ni mwana wa Daudi, inakuwaje Daudi amwite Bwana? Mstari wa 4 ni wa ukuhani, na anayeufafanua ni mwandishi wa Waebrania, sura ya 7, kwa hoja zinazofuatana. Ibrahimu alimpa Melkizedeki fungu la kumi na kupokea baraka kwake, na mdogo hubarikiwa na mkubwa. Walawi walikuwa bado viunoni mwa Ibrahimu, kwa hiyo ukuhani wao ni mdogo kuliko ule wa Melkizedeki. Kama ukuhani wa Lawi ungetosha, kwa nini Zaburi iahidi kuhani wa mfano mwingine? Tena Yesu alitoka kabila la Yuda, ambalo Musa hakulinenea ukuhani, kwa hiyo haki yake haitoki katika nasaba bali katika kile kiapo. Hoja ya kiapo inapoachwa, mahubiri juu ya Melkizedeki hupwaya, kwa sababu ndiyo inayobeba neno "hata milele".

Wapo pia wanaofundisha kwamba Melkizedeki alikuwa Yesu mwenyewe aliyejitokeza mapema. Waebrania 7:3 inasema *amefananishwa* na Mwana wa Mungu. Kilichofananishwa na kitu si kitu hicho chenyewe.

Dhana: Huduma tatu za Masihi (nabii, kuhani na mfalme) ni ubunifu wa Calvin

Kweli, aliyezipanga kama somo kamili ni John Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, katika toleo la 1559 la kazi yake kuu ya teolojia, na Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, kitabu cha maswali na majibu ya imani, ikazitia katika mafundisho ya vijana. Lakini Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria wa kanisa, alishaandika katika karne ya 4 kwamba manabii, makuhani na wafalme waliopakwa mafuta walikuwa mifano ya Kristo. Ukirudi nyuma zaidi, magombo ya Qumran, maandishi ya kale ya Kiyahudi yaliyoanza kupatikana mwaka 1947 karibu na Bahari ya Chumvi, yana kanuni ya jumuiya iliyomngoja nabii pamoja na masihi wa Haruni na wa Israeli, yaani kuhani na mfalme. Wayahudi wale waliwatarajia kama watu tofauti. Dai la Kikristo ni kwamba huduma zote tatu zilikutana kwa mmoja.

Huduma ya unabii ndiyo yenye msingi mwembamba zaidi katika Zaburi, na ni vema mwalimu aliseme hilo wazi. Hakuna zaburi inayomwita mfalme ajaye nabii. Ahadi ya nabii kama Musa imo katika Kumbukumbu la Torati 18:15. Hata desturi ya kupaka mafuta ni hivyohivyo: makuhani na wafalme walipakwa, lakini kwa nabii tuna agizo kuhusu Elisha (1 Wafalme 19:16), na masimulizi yanaonyesha Eliya akimtupia vazi lake tu. Zaburi inachotoa ni *kazi* ya nabii: anayetangaza haki katika kusanyiko kubwa (40:9), anayewahubiri ndugu zake jina la Mungu (22:22, katika Waebrania 2:12), anayefumbua kinywa kwa mithali (78:2, katika Mathayo 13:35).

Dhana: Wafalme watatu wa Krismasi wamo katika Injili

Mathayo anataja mamajusi, hatoi idadi yao wala hawaiti wafalme. Taji walizovikwa zinatokana na kusoma kisa hicho pamoja na Isaya 60 na Zaburi 72:10, ambapo wafalme wa Tarshishi, Sheba na Seba wanaleta zawadi. Zaburi 72 yenyewe ni maombi kwa ajili ya mfalme, na kipimo chake cha ufalme ni kumwokoa mhitaji anapolia.

Dhana: Wayahudi hawakuwahi kuisoma Zaburi 2 kwa Masihi

Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1105, anaanza maelezo yake kwa kukiri kwamba walimu wa kale waliieleza juu ya Mfalme Masihi, kisha anapendekeza kwamba kwa maana yake ya wazi inamhusu Daudi. Tofauti kati ya walimu hao na Wakristo iko katika kumtambua Masihi huyo ni nani.

Dhana: Zaburi ikinukuliwa kuhusu Kristo, kila mstari wake ni maneno ya Kristo

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Yohana 13:18 inatumia Zaburi 41:9 kwa usaliti wa Yuda, lakini mstari wa 4 wa zaburi hiyo unasema, "nimekutenda dhambi." Zaburi 69 inanukuliwa kwa wivu wa nyumba ya Mungu na kwa siki, lakini mstari wa 5 unakiri upumbavu na dhambi. Zaburi 40:6-8 imo katika Waebrania 10, na mstari wa 12 unalia kwa maovu yaliyo mengi kuliko nywele za kichwa.

Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, alijibu kwamba Kristo husema kama kichwa na pia kwa niaba ya mwili wake, kanisa, hivyo ungamo ni la viungo. Wengine husema Daudi ni mfano: mateso yake yanamtangulia Kristo, dhambi zake ni zake mwenyewe. Njia zote mbili zinadai utaratibu uleule. Soma zaburi nzima. Tambua nani anasema na anamwambia nani. Tafuta Agano Jipya limenukuu mstari upi, kisha linganisha na ulioachwa. Katika Yohana 13:18, kwa mfano, maneno "niliyemtumaini" hayamo, na Injili hiyo ilishasema Yesu aliyajua yaliyomo ndani ya mwanadamu.

Zaburi 22 inahitaji uangalifu huohuo. Watu hubishana sana kama mstari wa 16 unasema mikono na miguu ilitobolewa, maana hati nyingi za Kiebrania husomeka "kama simba", na tafsiri ya kale ya Kigiriki inasema wamechimba. Waandishi wa Agano Jipya hawaunukuu mstari huo hata mara moja. Walishika kilio cha mstari wa 1, dhihaka za 7 na 8, mavazi yaliyopigiwa kura katika 18, na ule wa 22, ambapo aliyeteswa anasimama kati ya ndugu zake akisifu.