Fimbo mbili si mkongojo

Ukipandisha barabara kuelekea mlima Loleza asubuhi, hapa Mbeya, umeshika fimbo mbili, lazima mtu akupe pole: "Mguu umefanyaje tena?" Wengi tunaamini fimbo ni ya mzee au mgonjwa, na kwamba mwenye nguvu zake akiishika anajidekeza tu.

Imani hiyo haikutoka hewani, maana mkongojo kweli hubeba uzito wa mwili. Ila mwendo huu wa fimbo mbili, ambao Waingereza huuita Nordic walking, ulitokana na mazoezi ya wanamichezo wa Ufini wanaoteleza kwenye theluji. Waliutumia kujinoa kiangazi, theluji ikiwa imeisha. Fimbo haitangulii mguu. Ncha yake huchoma ardhi kwa nyuma, imelala kidogo, halafu unajisukuma nayo. Hapo mabega, mikono na mgongo navyo vinaingia kazini, na kwa kasi ileile moyo hudunda zaidi kuliko ukitembea mikono mitupu.

Usinisadiki mimi. Tembea dakika 10 bila fimbo, shika kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Pumzika vya kutosha, rudia njia ileile kwa kasi ileile ukiwa na fimbo, uhesabu tena. Za dukani si lazima: mianzi miwili, ndugu wa ile inayogemwa pombe ya ulanzi, inatosha kujaribia, mradi ukiisimamisha kiwiko kikunje pembe mraba.

Wakati wa kushuka kwenye utelezi wa masika, nakiri, zinageuka mkongojo kabisa.