Anwani za IP za ziada nyumbani: uliza zinafikaje

Ukiwa na seva mbili nyumbani na zote zinataka poti 443 (mlango wa tovuti salama, HTTPS), NAT, yaani ruta kuwatumikisha wote kwa anwani moja ya umma, inakuumbua. Anwani ya umma ni moja, imekaa kwenye ruta; vifaa vingine vyote vimejibanza nyuma yake kwa anwani za 192.168. Ombi likitoka nje, ruta italipeleka kwa seva moja tu. Kwa tovuti unaweza kuweka seva ya kati inayosoma jina lililoombwa na kugawa kazi, lakini si kila huduma inataja jina. Hapo ndipo watu huniuliza kuhusu kununua anwani za ziada.

Kwanza fungua ukurasa wa ruta utazame anwani yake ya nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hata hiyo moja ya umma huna: mtoa huduma anakufanyia NAT nyingine huko kwake. Anza kwa kudai hiyo.

Bloku, yaani kundi la anwani zinazofuatana, inayouzwa sana ni /29. Ni anwani nane, ila usizishangilie zote. Chukua 203.0.113.16/29 kama mfano: 16 ni ya mtandao wenyewe, 23 ni ya kutangazia wote, na 17 huwa inachukuliwa na ruta ya mtoa huduma. Zimebaki tano, na ruta yako itataka moja.

Mimi bloku yangu ya kwanza niliilipia bila kuuliza itafikaje. Seva nikaipa anwani yenye 20 mwishoni, nikaichomeka nyuma ya ruta, nikajaribu kuifikia kwa simu kutoka nje. Kimya. Nililaumu kebo jioni nzima, mpaka nilipowasha tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinazopita, upande wa nje wa ruta nikaona mstari uleule ukijirudia: nani ana 203.0.113.20, amjibu 203.0.113.17. Ruta ya mtoa huduma ilikuwa inaita kwa ARP (wito wa kuuliza nani kwenye waya ana anwani fulani) kana kwamba seva iko kwenye waya uleule. Seva ilikuwa ndani, na wito wa ARP hauvuki ruta. Ingesikiaje?

Niliiambia ruta ijibu kwa niaba ya seva, yaani proxy ARP, na mambo yakaenda. Lakini hicho ni kiraka. Njia safi ni mtoa huduma kuandika kwenye ruta zake kwamba bloku nzima ipitie anwani ya ruta yako. Hapo haulizi tena nani yuko wapi. Anakutupia pakiti zote, mgawanyo ni juu yako. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza: bloku inaelekezwa kwenye ruta yangu, au inaachwa kwenye waya? Asiyeelewa swali hilo, omba uzungumze na fundi wao.

Mtoa huduma akikataa kabisa, kodi seva ndogo kwingine yenye anwani ya ziada, na anwani hiyo uilete nyumbani kwa WireGuard, aina ya VPN. MTU yake ya kawaida, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ni baiti 1420 badala ya 1500, na kila pakiti inazunguka kwanza kupitia seva hiyo. Kwa barua pepe hutahisi. Kwa michezo utahisi.

Halafu kuna fayawoli. NAT haikuundwa kuwa mlinzi, ila ilikuwa inazuia wageni bila kukusudia. Kifaa chenye anwani ya umma kinaanza kubishiwa hodi muda si mrefu, kwa hiyo funga yote yanayoingia kisha fungua poti unazozihitaji tu.

Na kabla hujatoa hela, angalia IPv6, mfumo mpya wa anwani. Akiba kuu ya IPv4, mfumo wa zamani wa hizi tulizozizungumzia, duniani iliisha Februari 2011, ndiyo maana unauziwa nane kwa masharti. Upande wa IPv6, mtoa huduma akikupa /56 una mitandao 256, na kila mmoja una anwani nyingi kuliko IPv4 yote. Tatizo ni wageni wako: wapo wasio na IPv6 bado. Kwangu seva zote ziko kwenye IPv6, na anwani za IPv4 nimebakiza mbili, ya tovuti na ya barua pepe.