F8 haimalizi kesi ya draiva isiyo na saini

Huku Moshi watu wengi tunaamini kwamba kwenye Windows 7 ya biti 64, ukibonyeza F8 mashine inapowaka ukazima ukaguzi wa saini (alama ya kidijitali inayothibitisha draiva imetoka kwa nani), draiva isiyosainiwa, yaani programu ya kuendesha kifaa isiyo na alama hiyo, imeshakubaliwa na kazi imeisha. Na mtu haaminii hewani, maana kale kadude ka WiFi ka USB ulikonunua mtumba kanashika kweli siku hiyo. Ngoma ni kesho yake, umeme umekatika umerudi, kompyuta inawaka upya na WiFi hakuna, fundi anaitwa tena na hela inatoka tena.

Ile F8 inashika safari moja tu, ukizima kompyuta ukaiwasha tena, ukaguzi unarudi wenyewe, ndo ilivyo tangu Windows Vista ya biti 64 ya 2007.

Kujiangalizia mwenyewe si kazi, ingia Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta ndani ya Windows), bonyeza mara mbili kifaa chenye alama ya njano, ukikuta Code 52 basi shida ni saini kweli. Ikiwa namba nyingine F8 haikusaidii. Alafu draiva ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64 haiingii hata iwe na saini, tafuta ya biti 64 kwa waliotengeneza kifaa chenyewe.