Kutoka otomatiki kwenda manyuali: kazi iko kwenye klachi ya mafuta

Ukibadilisha gari la otomatiki liwe la manyuali, giaboksi ya manyuali iliyotengenezwa kwa ajili ya injini yako hukaa kwenye bloku (mwili wa injini) bila ubishi. Gari nyingi zilizobadilishwa kisha zikasumbua, tatizo lake si giaboksi bali klachi ya mafuta, yaani inayosukumwa na mafuta kwenye bomba, isiyoachia yote. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye klachi, mengine nitayapitia haraka.

Nashauri uchukue vifaa vyote kutoka gari moja la manyuali lenye injini kama yako: giaboksi, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya kranki) na bolti zake, foki ya kusukuma klachi, masta ya juu (pampu ya kwenye pedali) na masta ya chini (ya kwenye giaboksi), bomba na hozi, mabano ya pedali, liva ya gia, krosmemba (boriti inayobeba giaboksi), propela shafti au ekseli, na ikiwezekana kompyuta ya injini pamoja na waya zake. Klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi (inayosukumwa na foki), pailoti beringi (inayokaa kwenye tundu la kranki na kushika ncha ya shafti ya giaboksi) na sili ya nyuma ya kranki nunua mpya. Vifaa hivi ni vya bei ndogo ukilinganisha na kuishusha giaboksi mara ya pili.

Ukishatoa tokikonveta (kifaa cha otomatiki kinachokaa mahali pa klachi) na ile pleti nyembamba inayoibeba, chunguza tundu la katikati ya kranki. Baadhi ya kranki za otomatiki hazikuchongwa vizuri hapo: tundu ni jembamba, au ni fupi. Pima kipenyo na kina, kisha pima ncha ya shafti ya giaboksi. Kwa injini inayotumia pailoti beringi, ukiiacha, ncha ya shafti huyumba na gia hukwaruza hata pedali ikiwa imegusa sakafu. Giaboksi ikigoma kuingia kwa milimita chache za mwisho, usiivute kwa bolti. Toa, tafuta kinachogonga. Ukilazimisha utapasua nyumba ya giaboksi au utaibana kranki mbele na kuziua beringi zake za pembeni.

Bolti za pleti nyembamba ni fupi kuliko za flaiwili, kwa hiyo hazifai kurudishwa. Hakikisha pia zile pini mbili za kuelekeza zipo kati ya bloku na giaboksi. Zisipokuwepo, giaboksi itafungika na itaonekana sawa, lakini haitakuwa katikati, na beringi ya mbele itaanza kulia mapema.

Klachi pleti mara nyingi hukaa na upande wa springi ukitazama presha pleti. Soma maandishi yaliyopigwa juu yake. Iweke katikati kwa kifaa chake, kisha kaza presha pleti kwa msalaba, kidogo kidogo, umalizie kwa toki spana. Grisi kwenye meno ya shafti iwe utando tu. Ikizidi hurushwa kwenye pleti, na pleti iliyolowa grisi haina dawa.

Sasa mafuta. Masta ya juu husukuma, masta ya chini husogeza foki, na umbali hutegemea ukubwa wa pistoni zote mbili. Chukua mfano wa masta ya juu yenye pistoni ya kipenyo cha milimita 15.87 na ya chini ya 20.64. Pistoni ya juu ikisafiri milimita 30, ya chini husogea kama 17.7. Badilisha ya juu uweke ya 19.05, ya chini itasogea 25.6, lakini mguu utabeba uzito zaidi kwa asilimia 44 hivi. Mwendo ukiwa mdogo, gia zinakwaruza. Ukizidi, vidole vya presha pleti vinapindishwa kupita kiasi na kuharibika. Kwa hiyo usichanganye masta kutoka gari tofauti bila kupiga hesabu hii.

Masta ya juu ifungwe kwenye ukuta wa mbele ukiwa na bamba la kuimarisha. Bati tupu hunepa kila ukikanyaga, mwendo unapotea hapo, na baada ya muda bati linapasuka kuzunguka matundu. Kati ya masta ya chini na bodi weka hozi laini, kwa sababu injini hucheza kwenye maunti zake. Bomba gumu tupu litakatika. Lipitishe mbali na ekzosi.

Jaza mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Mafuta ya injini au ya otomatiki huvimbisha mipira. Kutoa upepo ni kukanyaga, kushikilia, mwenzako afungue nipeli (skrubu ya kutolea upepo) na kuifunga, ndipo uachie pedali. Nipeli lazima iwe juu ya masta ya chini. Ikitazama chini, upepo utabaki ndani hata ukirudia mchana kutwa. Kisha pima mwendo wa foki kwa rula kabla ya kufunga chochote kingine.

Kwenye umeme, waya mbili za swichi ya P na N (kuegesha na gia huru) ya otomatiki hupelekwa kwenye swichi ya pedali ya klachi, ili stata ipige tu klachi ikikanyagwa. Waya za taa za rivasi zinahamia kwenye swichi ya giaboksi mpya. Kompyuta ya otomatiki ikibaki, tarajia taa ya injini kuwaka, na wakati mwingine sailensa, yaani mwunguruko wa injini bila kukanyaga mafuta, kuyumba. Angalia pia uwiano wa difu: kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Na kwa kuwa P haipo tena, handibreki iwe nzima kabisa.

Jaribu kwanza rivasi, injini ikiwa inaunguruma taratibu. Giaboksi nyingi hazina sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana) kwenye rivasi, kwa hiyo yenyewe ndiyo husema ukweli kuhusu klachi. Kanyaga, hesabu hadi tano, ingiza. Ikikwaruza, rudi kwenye upepo, mwendo wa foki au pailoti beringi, kwa mpangilio huo. Klachi ikishika vizuri ikiwa baridi na kuteleza ikipata moto, legeza fimbo ya pedali mpaka iwe na uhuru wa milimita chache. Bila uhuru huo pistoni ya masta ya juu hairudi yote, tundu dogo la kurudishia mafuta hubaki limezibwa, na mafuta yanayotanuka kwa joto huikanyaga klachi yenyewe.