Huruma Inayotoka Tumboni

Picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu niliyokulia chini yake ilitundikwa juu ya mlango wa sebule, na macho yake yalikuwa yanakufuata. Ukikaa kiti hiki anakutazama, ukihamia kile bado anakutazama. Wakubwa walilitumia jambo hilo ipasavyo: "Wewe endelea tu, Yesu anakuona." Basi kwa miaka mingi ule moyo wenye taji la miiba na ndimi za moto ulikuwa kwangu kama askari wa zamu. Baadaye nikasoma teolojia, nikabobea katika maisha ya kiroho, na leo kazi yangu ni kufundisha na kuongoza mafungo. Kila mwaka nakutana na watu wazima ambao bado wanaishi chini ya picha ile. Novena, zile sala za siku tisa, wanasali, Ijumaa ya kwanza ya mwezi hawakosi, rozari haitoki mfukoni. Ila wanaogopa.

Mama mmoja aliniambia bila kuzunguka: "Mimi sipendi kuonewa huruma. Hata na Mungu." Nilimwelewa. Katika lugha yetu, anayeonea huruma yuko juu na anayeonewa yuko chini. Kuna wakati ukimwambia mtu "nakuonea huruma" unakuwa umemtukana. Na Biblia tuliyoizoea inatumia maneno hayohayo pale kwa mwana mpotevu, Luka 15:20: "Alipokuwa angali mbali, baba yake alimwona, akamwonea huruma." Msomaji anaweza kumwona mzee tajiri aliyesimama kibarazani, anamsikitikia kijana aliyechakaa.

Kigiriki cha Luka hakina mzee wa hivyo. Kitenzi alichokitumia kimetokana na neno *splanchna*, yaani vya ndani: moyo, maini, utumbo. Baba alipomwona mwanawe, tumbo lilimpinduka. Na sisi Waswahili hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na Wagiriki, maana maneno makali kwetu hukata maini, na neno letu "uchungu" ni lilelile kwa mama anayejifungua na kwa mama aliyefiwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukiisoma Luka 15 ukiwa na methali hiyo mkononi, yule mzee wa kibarazani anatoweka. Anabaki mzazi anayekimbia barabarani kwa sababu mwili wake umekataa kusubiri.

Kuna jambo jingine ambalo hunifurahisha kila ninapolifundisha, na naomba mnivumilie kidogo. Agano la Kale lina neno la Kiebrania *rahamim*, ambalo kwa kawaida hutafsiriwa huruma au rehema. Lina mzizi mmoja na *rehem*, yaani tumbo la uzazi. Kiarabu, ambacho ni ndugu wa Kiebrania, kina *rahma* na *rahim* kwa uhusiano uleule, na kutoka huko sisi tukapata "rehema". Kwa hiyo kila tunaposema rehema tunalitaja tumbo la mama bila kujua. Isaya alipouliza kama mama aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye (49:15), alikuwa analifungua neno tu, aonyeshe kilichomo.

Sasa hapa wanafunzi wangu makini huinua mkono. Mungu ni roho, hana maini wala tumbo, wala hapatwi na mshtuko. Ni kweli. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilikabili swali hilo katika karne ya 13. Akasema neno la Kilatini la huruma, *misericordia*, linataja moyo wenye taabu: mwenye huruma huguswa na taabu ya mwenzake kana kwamba ni yake. Katika umungu wake, Mungu haingiwi na huzuni ya namna hiyo. Huruma imo ndani yake kwa kile inachokifanya, yaani kuiondoa taabu, wala si kwa kuumia.

Jibu hilo ni sahihi, na mtu aliye kitandani hospitalini halimtoshi. Ndipo inapoingia ibada ya Moyo Mtakatifu, na ndiyo maana siioni kuwa pambo la wazee. Neno, yaani Mwana wa Mungu, alipotwaa mwili alitwaa na maini. Mungu ambaye kwa asili yake hapatwi na uchungu alijipatia mahali pa kuumia. Papa Pio XII aliliweka vizuri mwaka 1956 katika barua yake Haurietis Aquas: Moyo wa Yesu ni alama ya upendo wa namna tatu. Kuna upendo wa milele alio nao pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, kuna mapendo yaliyomiminwa katika roho yake ya kibinadamu, na kuna mapenzi ya hisia, yale yanayofanya moyo wa nyama udunde haraka na machozi yatoke kaburini kwa Lazaro. Hilo la tatu ndilo watu husahau. Wanadhani Yesu alilia ili kutufundisha kitu. Alilia kwa sababu rafiki yake alikuwa amekufa.

Ibada yenyewe ilipata nguvu katika Ufaransa ya karne ya 17, na wakati huo si wa bahati. Kulikuwa na mkondo wa wafuasi wa Cornelius Jansen, watu wacha Mungu kwelikweli, waliosisitiza uchafu wa mwanadamu kiasi kwamba kukaa mbali na Komunyo kulianza kuonekana kuwa unyenyekevu. Mwaka 1643 Antoine Arnauld alitoa kitabu kizima dhidi ya kukomunika kwa wepesi, na mwaka 1653 Papa Inosenti X alilaani sentensi 5 za mkondo huo. Miaka 20 baadaye, tarehe 27 Desemba 1673, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, mtawa wa Paray-le-Monial aitwaye Margareta Maria Alacoque alikuwa anaabudu Ekaristi akajiona ameegemezwa kifuani pa Yesu, kama Yohane kwenye karamu ya mwisho. Aliyoyasikia kutoka hapo yalikwenda kinyume kabisa na hali ya hewa ya siku zake: njoo, komunika mara kwa mara, hasa Ijumaa ya kwanza.

Alitakiwa pia akeshe kila Alhamisi usiku, saa tano hadi saa sita. Saa hiyo ndiyo ninayoitumia kueleza neno linalowatisha wengi, malipizi. Watu husikia deni: Mungu amekasirika, mtu fulani lazima alipe. Lakini mtazame Yesu wa Gethsemane. Aliwaomba wanafunzi wake watatu wakeshe naye tu, hakuwaomba wamlipe chochote, na aliporudi aliwakuta wamelala. Malipizi ya Margareta Maria yanaanzia pale. Ni kukaa na mtu aliyeachwa peke yake. Aliyewahi kukesha na mgonjwa, asiwe na la kufanya zaidi ya kukaa, ameshayajua malipizi hata kama jina lake hajalisikia.

Kanisa halikukimbilia kuyapokea hayo. Ndani ya konventi yake walimtilia shaka, mpaka Mjesuiti Klaudio La Colombière alipofika mwaka 1675 akamsadiki. Margareta Maria alifariki mwaka 1690, na sikukuu ya Moyo Mtakatifu ilienezwa kwa Kanisa lote mwaka 1856. Ufunuo binafsi ndivyo unavyotendewa: hauongezi kitu juu ya Injili, unasaidia tu kuiishi katika kipindi fulani, na hakuna anayelazimishwa kuuamini kama anavyoamini Kanuni ya Imani.

Sista Faustina Kowalska, mtawa wa Poland ambaye kwake ilianza ibada ya Huruma ya Mungu, alikutana na ugumu mkubwa zaidi, tena baada ya kufa. Alifariki Kraków tarehe 5 Oktoba 1938, akiwa na miaka 33. Mwaka 1959 Roma ilipiga marufuku kueneza ibada hiyo kwa namna alizozieleza yeye, na marufuku hayo yaliondolewa Aprili 1978. Miezi 6 baadaye askofu mkuu wa Kraków, aliyekuwa ameanzisha uchunguzi wa maisha ya Faustina, akachaguliwa kuwa Papa Yohane Paulo II. Yeye ndiye aliyemtangaza mtakatifu tarehe 30 Aprili 2000 na kuiita Dominika ya pili ya Pasaka kuwa ya Huruma ya Mungu.

Lakini ngojeni niirudie picha, maana nilianza na picha. Yesu aliyemtokea Faustina huko Płock tarehe 22 Februari 1931 mkono mmoja umeinuliwa kubariki, mwingine unagusa vazi kifuani, na kutoka hapo inatoka miali miwili, mmoja mwekundu, mwingine mweupe: damu na maji ya Yohane 19:34. Mchoraji Eugeniusz Kazimirowski aliichora Vilnius mwaka 1934 huku Faustina akimwelekeza. Ilipokamilika Faustina alilia, kwa sababu haikukaribia uzuri alioona. Akajibiwa kwamba ukuu wa picha hiyo hauko katika rangi wala brashi, uko katika neema. Mimi nikiwa mbele yake huwaambia watu waangalie mambo mawili. Kwanza miguu: anatembea, anakuja. Pili macho: yameinama. Faustina aliambiwa kwamba ndivyo alivyotazama kutoka msalabani. Haya si macho ya kumvizia mtoto sebuleni. Moyo wenyewe hauonekani, kinachoonekana ni kilichotoka ndani yake ulipochomwa. Na chini yameandikwa maneno ambayo ndiyo ibada nzima: Yesu, nakutumainia.

Kutumainia ndicho kiungo kinachopotea kwanza. Ibada ikipoteza tumaini inageuka hirizi. Nimeletewa kwenye simu ujumbe wa "tuma kwa watu tisa kabla ya saa tisa upate muujiza", na sitaficha kwamba hunichafua roho. Nimekutana na mtu aliyelia kwa sababu alikosa Ijumaa ya nane kati ya zile Ijumaa za kwanza tisa mfululizo, akadhani Mbingu imefuta hesabu yake. Saa tisa alasiri, Saa ya Huruma, Faustina aliambiwa afanye Njia ya Msalaba kama kazi inamruhusu. Kama haiwezekani, aingie kanisani kidogo. Hilo nalo likishindikana, azame katika sala palepale alipo, hata kwa kitambo kifupi sana. Mwenye kutafuta kisingizio cha kukuadhibu haweki masharti ya namna hiyo.

Watu hunibana zaidi kwa rozari ya Huruma, sala fupi inayosaliwa kwa punje za rozari. Wanasema: ilitolewa Vilnius Septemba 1935 baada ya Faustina kumwona malaika aliye tayari kuipiga dunia, je, hapo si kumtuliza Mungu mwenye ghadhabu? Nawajibu waangalie maneno yalitoka wapi. Faustina alianza kuomba kwa maneno yake, hayakufaa kitu. Kisha akayasikia mengine ndani yake, akayasali, na malaika akaishiwa nguvu. Anayeombwa ndiye aliyetoa maneno ya kumwomba. Ni yuleyule baba wa Luka 15. Kijana alitunga hotuba njiani, na kipande cha mwisho kilikuwa "nifanye kama mmoja wa watumishi wako". Isome tena: alipofika mbele ya baba yake hicho kipande hakukitamka. Mzee alikuwa ameshamkata kauli, anaagiza vazi na viatu.

Teresia wa Lisieux, mtakatifu wa Ufaransa, alilielewa hili akiwa na miaka 14. Mwaka 1887 Henri Pranzini alihukumiwa kifo kwa kuua watu 3 huko Paris, wala hakuonyesha dalili ya toba. Teresia akamwombea, akamwambia Mungu kwamba ana hakika atamsamehe hata isipoonekana ishara, ila anaomba ishara moja kwa faraja yake. Akasoma gazetini kwamba Pranzini, akiwa tayari amefikishwa kwenye kisu cha kumkata kichwa, aligeuka, akaushika msalaba wa padri na kuubusu mara 3. Teresia alimwita Pranzini mtoto wake wa kwanza. Sikumwekea mimi lugha ya uzazi mdomoni, ni yake mwenyewe.

Mwaka jana katika mafungo alikuwapo mzee mmoja mpole aliyesali rozari ya Huruma pamoja nasi, na nikagundua kila tulipofika "utuhurumie sisi na dunia nzima", sauti yake iliishia kwenye "sisi". Mara 50, punje kwa punje. Jioni nilimfuata nikamuuliza kama amechoka. Akanyamaza, kisha akasema kuna mtu mmoja, na mtu huyo naye yumo katika dunia nzima.

Sikumwambia amsamehe. Nilimwambia aendelee kuishia hapo anapoishia, sisi wengine tutamalizia. Kesho yake alikaa tena mstari wa pili, akatoa rozari yake, akaanza na "sisi".