Kitasa cha kuzama: maana yake na namna kinavyochakaa

Kitasa cha kuzama ni kitasa cha nje cha mlango wa gari kinacholala sawa na bodi wakati hakitumiki. Ukipitisha kiganja ubavuni mwa gari, hukwami popote. Kinajitokeza mwenye ufunguo anapokaribia, anapobonyeza rimoti, au anapokisukuma kwa kidole. Wengi hukiita kitasa cha gari la umeme, lakini wazo ni la zamani: Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilikuwa nacho, bila mota wala kompyuta. Unabonyeza ncha moja, nyingine inainuka.

Kabla ya kuuliza kitadumu miaka mingapi, tenganisha kwanza vitu viwili vinavyochanganywa sana gereji. Kitasa ni kile unachoshika. Loki ni ile iliyo ukingoni mwa mlango, inayong'ata chuma cha kwenye nguzo. Kwenye gari la kawaida, ikiwemo Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, ukivuta kitasa unavuta fito au kebo, nayo inafungua loki. Kwenye baadhi ya magari yenye kitasa cha kuzama kebo hiyo haipo. Kitasa kinabonyeza swichi, swichi inapeleka taarifa kwenye kompyuta, kompyuta inaamuru mota ndogo iliyo ndani ya loki. Mkono wako hauna muungano wowote na loki.

Kwa hiyo vitasa hivi viko vya aina tatu, na jina la kampuni halikusaidii kama aina inavyokusaidia. Aina ya kwanza inasukumwa na mota na loki yake ni ya umeme. Mfano ni Tesla Model S tangu ilipotoka mwaka 2012. Ya pili haina mota kwenye kitasa: unakandamiza kwa kidole gumba na kuvuta, kama Tesla Model 3 na Model Y, ila loki bado ni ya umeme. Ya tatu inajitokeza kwa mota au kwa kubonyezwa, lakini ukivuta unavuta kebo ya kweli. Hyundai Ioniq 5 iko kundi hilo: mota ikifa, unabonyeza ncha ya mbele ya kitasa, ya nyuma inatokeza. Kwa mazingira ya Dodoma ya tatu ndiyo bora, ya pili inafuata, na ya kwanza inunuliwe na mtu aliyekwisha kutenga hela ya matengenezo.

Sababu ya kuihofia aina ya kwanza ni hesabu tu. Dereva wa teksi ya mtandaoni mwenye safari 20 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anapata safari 6,000. Kila safari mlango unafunguliwa angalau mara mbili, abiria kupanda na kushuka: mara 12,000 kwa mwaka. Tena kwenye Model S vitasa vyote vinne hutoka kwa pamoja gari linapofunguliwa. Mlango wa nyuma ambao hakuna aliyeupanda mwezi mzima umechakaza mota na gia yake karibu sawa na wa dereva. Muuzaji anayekuambia "viti vya nyuma havijawahi kukaliwa" hajakuambia chochote kuhusu vitasa vya nyuma.

Kwenye matoleo ya mwanzo ya Model S kuna sehemu tatu zilizojulikana kwa kufa: gia ndogo ya kusukumia kitasa, iliyokuwa ya madini laini ya kusubu na ilikatika, swichi ndogo zinazotambua kwamba umevuta, na nyaya za swichi hizo, kwa sababu zinapinda kila kitasa kinapotoka na kurudi. Dalili zinatofautiana, na inafaa uzijue kabla fundi hajafungua mlango. Mota ikisikika inalia ndani lakini kitasa hakitoki, shuku gia. Kitasa kikitoka vizuri ila ukikivuta mlango haufunguki, shuku swichi au waya wake. Mlango mmoja ukiwa kimya kabisa, kagua plagi, waya mkuu na mota ya mlango huo. Milango yote minne ikiwa kimya, achana na vitasa, nenda kwenye betri ndogo ya volti 12 (tutaifikia huko chini).

Waya unaokatika kwa kupinda ni mdanganyifu. Ganda la nje huwa zima, shaba ya ndani ndiyo imekatika, na ukiupima umenyooka multimita inalia vizuri. Upime huku unaupinda taratibu pale unapopindia kila siku: mlio ukikatika na kurudi, umeupata. Kuurudishia kwa risasi ya kuchomelea mahali palepale hakusaidii, kwa sababu risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya mgumu, nao unakatika tena milimita chache pembeni. Dawa ni kuweka waya mpya wa nyuzi nyembamba nyingi wenye ganda la silikoni, kuunganisha mbali na pindo, na kuacha kitanzi kidogo cha akiba ili usivutike. Kwa gia, ziko za chuma cha pua zinazouzwa peke yake, hivyo hulazimiki kununua mfumo mzima. Ukilazimika kununua mzima, taja mlango kamili (mbele kushoto, nyuma kulia) na toleo la gari, maana haziingiliani.

Fundi akishatoa kava la ndani atakuta nailoni au sponji iliyogandishwa kuziba uwazi wa mlango. Hakikisha inarudishwa na kugandishwa pande zote. Ikirudishwa nusunusu, vumbi na maji vinapata njia ya kuingilia, na kitasa kipya kinaanza kuugua kabla ya mvua za pili.

Vumbi ndilo jaribio lenyewe kwa Dodoma. Mvua hapa ni za Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ni jua, upepo na udongo mwekundu. Kitasa cha kuzama kina uwazi mwembamba kukizunguka, na kila kinaporudi ndani kinaingia na punje kilizozikusanya nje. Punje kavu peke yake hazina madhara makubwa, nyingi hudondoka. Ubaya unaanza pale mtu anapopaka grisi au mafuta ya injini ili "kilainike". Grisi inakamata vumbi, vikichanganyika unapata uji wa kusagia, kama msasa uliolowana, na uji huo unakula gia na bushi kila mlango unapofunguliwa. Kinachotakiwa ni dawa ya kupuliza inayokauka: silikoni au PTFE (inayojulikana pia kama Teflon), kidogo tu, baada ya kusafisha.

Kusafisha kwenyewe hakuchukui hata robo saa. Kitoe kitasa nje, pita na brashi laini kavu kwenye uwazi (mswaki mpya unatosha), kisha kitambaa chenye unyevu, acha pakauke, ndipo upulize silikoni na kukifungua na kukifunga mara tano au sita. Kiangazi fanya hivyo kila mwezi, na kila urudipo kutoka njia za vumbi. Waambie wanaoosha gari wasielekeze mashine ya presha kwenye kitasa kwa karibu. Wakae nusu mita au zaidi, maana maji ya presha husukuma tope ndani zaidi ya pale upepo ulipolifikisha. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na udongo, maji hulala ndani ya mlango na plagi za umeme huota kutu ya kijani. Vizibue kwa kijiti, si kwa msumari, usije ukakwaruza rangi.

Sasa betri. Gari la umeme lina betri kubwa ya kuendeshea, na pembeni lina betri ndogo, kwa kawaida ya volti 12, inayolisha taa, kompyuta, loki na vitasa. Hiyo ndogo ikifa, gari lenye asilimia 80 kwenye betri kubwa linaweza kukufungia nje. Mwezi Septemba 2025 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi wa Tesla Model Y za mwaka 2021 zipatazo 174,000 kwa tatizo hilihili: volti zilishuka, vitasa vya nje vikagoma, na kuna wazazi waliokuwa nje watoto wakiwa ndani. Baadhi walivunja vioo. Jambo hili halipaswi kuchukuliwa kama usumbufu mdogo, hasa gari likiwa limeegeshwa kwenye jua la Novemba.

Betri hiyo ndogo, ikiwa ya risasi na asidi, haipendi joto. Kwa kanuni ya watu wa betri, kila nyuzi joto 10 za Selsiasi zinazoongezeka hukata umri wake karibu nusu. Ipime gari likiwa limezimwa na kulala saa kadhaa. Volti 12.6 ni nzima, 12.4 imeanza kupungua, 12.0 karibu imeisha. Ukisoma 13.5 hadi 14.5, gari limeamka na linaichaji, kwa hiyo kipimo hicho hakikuambii afya yake, subiri lilale. (Baadhi ya magari mapya yana betri ndogo ya lithiamu, na namba hizi haziyahusu.) Anayeacha gari Dodoma wiki kadhaa aache mtu wa kuliamsha, au kifaa cha kutunza chaji.

Uchina imeshaamua. Kuanzia tarehe 1 Januari 2027 magari mapya yanayouzwa huko yatapaswa kuwa na njia ya kufungua kila mlango kimakanika, nje na ndani, na nafasi ya kuingiza mkono isiyopungua sentimita 6 kwa 2 kwa 2.5, magari ambayo modeli zake zilikwisha idhinishwa yamepewa hadi 2029. Kwa mnunuzi wa huku maana yake ni kwamba ya kabla ya kanuni hiyo yataendelea kuja kama mtumba kwa miaka mingi, na kazi ya kuyakagua ni yako.

Unapokwenda kulitazama, fungua na funga milango yote minne mara kumi mfululizo, ukisikiliza kama kitasa kimoja kinachelewa kuliko wenzake. Uliza ufunguo wa chuma unaingia wapi. Kisha kaa ndani na ufungue kila mlango kwa njia ya dharura: kwenye Model 3 milango ya mbele ina kiwiko kidogo cha kuvuta juu, mbele ya swichi za vioo, kwenye baadhi ya Model Y kebo ya mlango wa nyuma imefichwa chini ya zulia la mfuko wa mlango, na Model 3 za mwanzo hazina kabisa kwa milango ya nyuma. Ukikuta mlango wa nyuma hauna, mpangie mtoto akae akijua kwamba njia yake ya kutoka ni mlango wa mbele, na umwonyeshe kiwiko kilipo.