Je, Wajua Kwa Nini Washangiliaji wa Mpira wa Kimarekani Hupelekwa Kuwatumbuiza Wanajeshi Ng'ambo?

Krismasi ya mwaka 1979, wanajeshi wa Marekani waliokuwa Korea Kusini walipata wageni ambao wengi wao walikuwa wamezoea kuwaona kwenye televisheni tu. Walikuwa ni wasichana wa kikundi cha washangiliaji wa Dallas Cowboys, timu ya mpira wa Kimarekani ya jimbo la Texas. Walikwenda kucheza, kuimba na kula sikukuu na vijana waliokuwa mbali na nyumbani. Tangu hapo kikundi hicho kimefanya ziara zaidi ya 80 za namna hiyo, zikiwemo za Bosnia, Kuwait, Iraq na Afghanistan.

Jeshi lenye ndege, makombora na manowari linawahitaji wacheza shoo kwa lipi? Na inakuwaje mtu ambaye kucheza ndiyo kazi yake akubali kwenda kucheza huko bila malipo?

Kwa asiyewafahamu, nieleze kidogo. Katika NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, timu nyingi zina kikundi cha wacheza shoo wanaosimama pembeni mwa uwanja siku ya mechi, wakicheza kwa mpangilio na kuamsha mashabiki. Kazi ya kushangilia kwa mpangilio ilianza vyuoni, na walioianza walikuwa wanaume: mwaka 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi Johnny Campbell alisimama mbele ya umati na kuuongoza kupiga kelele za kuitia timu moyo. Kwa miaka mingi iliendelea kuwa kazi ya wavulana. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyobadilisha mambo. Vijana wa kiume walipokwenda vitani, vikundi vya vyuoni vikajaa wasichana, na wanaume waliporudi hawakuikuta tena ile nafasi yao. Kwa hiyo uhusiano wa washangiliaji na jeshi ni wa zamani kuliko ziara zenyewe.

Turudi Korea. Vita vya Korea vilisimama Julai 27, 1953 kwa makubaliano ya kusitisha mapigano, na mkataba wa amani haujatiwa saini hadi leo. Kati ya Kaskazini na Kusini kuna ukanda wenye urefu wa kilomita zipatazo 250 na upana wa kilomita 4, na askari wa Marekani wamekaa upande wa Kusini miaka yote hii. Wengi wao walipangiwa huko mwaka mzima bila ruhusa ya kwenda na mke au watoto. Baridi ya Desemba hushuka chini ya sifuri. Sehemu kubwa ya kazi ni lindo: kusimama, kutazama, kungoja jambo ambalo huenda lisitokee kabisa. Askari aliye katikati ya mapambano ana la kufanya kila dakika. Aliye lindoni ana muda mrefu wa kuwaza, na sikukuu ndizo zinazomwumiza zaidi. Makamanda wanalijua hilo vizuri. Askari mpweke hulala vibaya, hugombana na wenzake, hunywa kupita kiasi, na mkataba wake ukiisha harudi. Kwa macho yao, burudani ni sehemu ya kulitunza jeshi, sawa na chakula na dawa.

Wanaoandaa ziara hizi zaidi ni shirika la USO. Lilianzishwa Februari 4, 1941, miezi kumi kabla ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani, kwa kuunganisha nguvu za mashirika sita ya kijamii, yakiwemo Jeshi la Wokovu, YMCA, YWCA, na mashirika ya Wakatoliki na ya Wayahudi. Rais Franklin Roosevelt alitaka mapumziko ya askari yabebwe na raia wenyewe kwa michango yao. Mimi naona busara kubwa katika uamuzi huo. Mgeni aliyetumwa na serikali ni mtu wa kazini. Raia aliyeacha shughuli zake akapanda ndege kukufuata anakuambia kwamba watu wa nyumbani hawajakusahau. USO si idara ya serikali mpaka leo, ingawa Bunge la Marekani liliipa hati rasmi mwaka huohuo wa 1979. Jeshi nalo lina ofisi yake ya burudani, inayopeleka wasanii hata kwenye vituo vya mbali kama kisiwa cha Diego Garcia katikati ya Bahari ya Hindi.

Mchekeshaji Bob Hope ndiye aliyeipa kazi hii sura yake. Alianza kuwachekesha askari Mei 1941 katika kambi moja ya California, na akaendelea kwa miaka hamsini, kutoka Vita Kuu ya Pili hadi Vita vya Ghuba. Mwaka 1997 Bunge lilimtangaza kuwa askari mstaafu wa heshima, na kabla yake hakuna aliyewahi kupewa heshima hiyo. NFL iliingia mwaka 1966, pale ilipowapeleka wachezaji kama Johnny Unitas, Frank Gifford, Willie Davis na Sam Huff kuwatembelea askari Vietnam.

Basi kwa nini baadaye wakachukuliwa washangiliaji, na kwa nini wa Dallas hasa?

Jibu moja ni umaarufu. Mwaka 1972 meneja mkuu wa Cowboys, Tex Schramm, aliamua kuachana na washangiliaji wa shule za sekondari na kuunda kikundi cha wacheza shoo waliofunzwa. Mwalimu wao wa dansi alikuwa Texie Waterman, na vazi lao lilikuwa blauzi ya buluu, kizibao cheupe chenye nyota na kaptura fupi nyeupe. (Vazi hilo sasa limo katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani kule Washington, lilitolewa huko mwaka 2018.) Januari 1976, katika fainali ya Super Bowl iliyochezwa Miami, kamera ziliwanasa washangiliaji hawa. Cowboys walifungwa na Pittsburgh Steelers 21 kwa 17, lakini kikundi chao kilitoka pale kikijulikana nchi nzima. Mwaka uliofuata bango la picha yao lilikuwa likibandikwa kwenye kuta za mabweni na za kambi. Kwa hiyo walipofika Korea, askari wengi walikuwa wanazijua sura zao.

Jibu la pili linahusu mambo ya kawaida kabisa ya usafiri, nami naliona kuwa zito zaidi. Bendi nzima ina ngoma, vinanda, mafundi na mizigo isiyoisha. Wacheza shoo kumi na wawili wana mabegi yao na kanda ya muziki. Wanaingia kwenye helikopta moja. Wanaweza kucheza ndani ya banda la ndege, kwenye sakafu ya bwalo la chakula, au juu ya lori lililoshushwa ubavu. Ndiyo maana wanafika kwenye vile vituo vidogo vya askari wachache ambako msanii mkubwa mwenye jukwaa lake hawezi kufika. Dallas walitenga kundi maalumu la ziara ndani ya kikundi chao cha watu wapatao 36, na kuingia humo ni mtihani wa pili: mtu lazima aweze kucheza, na ikiwezekana kuimba, kuchekesha, na kuongea na mtu asiyemjua bila kumtia aibu.

Aliyeyasimamia haya ni Suzanne Mitchell, mkuu wa kikundi kuanzia 1976 hadi 1989. Alikuwa mkali. Kuvuta sigara ukiwa umevaa sare ilikuwa mwiko, kukaribia pombe ukiwa na sare vilevile, na kuwa na uhusiano na wachezaji wa timu ilikuwa sababu ya kufukuzwa. Lakini ndiye aliyeng'ang'ania pia kwamba kikundi kiende hospitalini na kwenye nyumba za wazee, na kwamba huko kiende kwa moyo uleule wa uwanjani.

Onyesho lenyewe la kambini halifanani na la siku ya mechi. Uwanjani mcheza shoo yuko mbali, kamera ndiyo inayomleta karibu. Kambini mstari wa mbele wa askari uko hatua mbili kutoka kwake. Kuna dansi, kuna nyimbo za miaka tofauti ili sajenti wa miaka arobaini na kijana wa kumi na tisa kila mmoja apate wake, na kuna pale ambapo askari wanaitwa jukwaani wajaribu hatua. Kikosi kizima hucheka wanapomwona mkubwa wao akihangaika na miguu. Halafu inakuja sehemu ambayo haionekani kwenye picha za matangazo: foleni ya kupata saini zao. Wasichana hukaa nyuma ya meza ndefu, kalamu mkononi, na askari hupita mmoja mmoja. Unatoka wapi? Umebakiza miezi mingapi? Unaye mtoto? Foleni ikiwa ndefu, kazi ya kusaini hudumu kuliko dansi yenyewe. Naamini hapo ndipo ziara inapofanya kazi yake. Wapo wanaosema kwamba shughuli nzima ni kutumia miili ya wanawake kuwafurahisha wanaume wenye bunduki. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa, kwa sababu mavazi na mabango yalipangwa hivyo makusudi. Lakini maswali ya pale mezani huulizwa hata kwa askari wa kike, nao pia wamo kwenye foleni.

Wala jambo hili si la Wamarekani peke yao. Waingereza walianzisha shirika lao la burudani, ENSA, mwaka 1939. Na sisi tumo. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) walipopelekwa Burma (Myanmar ya leo) kupigana na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili wakiwa na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, jeshi lilikuwa na kitengo cha burudani cha kuwaimbia kwa lugha wanayoielewa. Fundi Konde, mmoja wa waasisi wa muziki wa dansi wa Kenya, alipitia kitengo hicho na kufika Burma, kabla ya jina lake kuvuma redioni baada ya vita. Baada ya uhuru Tanzania nayo ikajenga bendi za jeshi, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi (JWTZ) na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) zikiwa miongoni mwake. Tofauti ni kwamba kwetu anayetumbuiza naye amevaa gwanda, ana namba ya jeshi na mshahara wa jeshi. Mshangiliaji wa Dallas ni raia, na ziara anaifanya kwa kujitolea.

Hapo ndipo lile swali la pili linapopata uzito. Kujitolea huku ni kwa nani hasa? Washangiliaji hawa wana kazi nyingine. Dallas huwataka wawe na ajira, wawe masomoni au wawe wanalea familia. Mazoezi huanza jioni, baada ya kazi ya mchana. Kuna walimu wa shule, wauguzi, wafanyakazi wa ofisini. Kila mwaka wanafanyiwa usaili upya, hata aliyekuwemo mwaka jana. Juu ya mechi kuna hospitali za watoto, nyumba za wazee, na shughuli za hisani kama ile ya Siku ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani ya Novemba, ambapo tangu mwaka 1997 Jeshi la Wokovu huzindua kampeni yake ya kuchangia maskini wakati wa mapumziko ya mechi ya Cowboys.

Wanayatoa haya yote wakati malipo ya kazi yao ya uwanjani yalikuwa haba kwa miaka mingi. Mwaka 2014 mshangiliaji mmoja wa Oakland Raiders, timu ya NFL iliyokuwa California wakati huo, aliishtaki timu yake: walikuwa wakilipwa dola 125 kwa mechi, na ukiongeza saa za mazoezi na za shughuli za hisani ambazo hazikulipwa, ilikuwa chini ya dola 5 kwa saa. Timu ilikubali kulipa dola milioni 1.25. Mwaka uliofuata California ilipitisha sheria ya kuwahesabu washangiliaji wa timu za kulipwa kuwa waajiriwa. Mwaka 2018 zamu ya Dallas ikafika. Aliyekuwa mshangiliaji wao alidai kwamba alilipwa dola 8 kwa saa na dola 200 kwa mechi, huku mtu anayevaa vazi la katuni la timu akipata takriban dola 65,000 kwa mwaka. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2019, na malipo ya mechi yakapanda hadi dola 400.

Nawaheshimu sana wasichana wanaokwenda kukaa na askari wapweke na watoto wagonjwa. Kwa sababu hiyohiyo nasema timu haina haki ya kuhesabu ukarimu wao kama sehemu ya mapato yake. Anayelipwa sawasawa kwa kazi yake ndiye anayeweza kweli kusema, "Hii nimeitoa." Asiyelipwa akiombwa atoe tena, na nafasi yake ya mwakani iko mikononi mwa anayemwomba, hana nguvu ya kukataa.

Mwaka 2025 washangiliaji wa Dallas, baada ya kusimama pamoja kudai, walipata nyongeza ya malipo inayotajwa kufikia asilimia 400. Ziara za wanajeshi zinaendelea, na nafasi za kusafiri bado zinagombewa.